Mvua Haimpunguzii Mtu Kilomita

Triathloni ndefu kamili ni kilomita 3.8 za kuogelea, 180 za baiskeli na 42.2 za kukimbia, bila kulala. Hoja kwamba mvua humfaa mwanariadha wa ridhaa, eti kwa kuwa humpoza mwili, ina ukweli kwenye mbio za miguu tu. Watetezi wake wana marathoni ya Boston ya 2018: Yuki Kawauchi, wakati huo karani wa serikali kutoka Japani, alishinda kwenye mvua na baridi, Geoffrey Kirui wa Kenya akawa wa pili. Sawa, lakini Kawauchi hakupanda baiskeli.

Baiskeli ndiyo inayokula saa nyingi, na ndiko mvua inakouma. Breki za mpira zinazobana ringi hukawia kushika hadi maji yafutike. Michoro ya rangi barabarani huteleza. Kwenye njia za udongo za Vitengeni, pwani ya Kenya, wakati wa masika, tope hunasa kati ya tairi na uma, gurudumu likagoma, na dawa yake ni kushuka na kulikwangua kwa kijiti.

Baharini nako si shwari. Mto Sabaki ukifurika, maji ya Malindi hugeuka kahawia na muogeleaji haoni hata mkono wake. Radi ikipiga, ni kutoka majini.

Tena bingwa humaliza kwa takriban saa 8. Wa ridhaa huruhusiwa mara nyingi hadi saa 17. Mvua ileile humnyeshea kwa muda mara mbili ya bingwa, viatu vimelowa, malengelenge yameshatumbuka.