Soko la mapenzi ya video: Mteja mwanamke aonyeshwe bei

KWA muda mrefu makampuni ya michezo ya video yalipiga hesabu zao kana kwamba mnunuzi ni mvulana peke yake. Bunduki, magari ya mashindano, ngumi na mpira wa miguu ndivyo vilivyojaa madukani. Mwanamke hakuhesabiwa, na ilipoonekana kuwa hanunui, wakubwa wa makampuni walijiona wamesema kweli. Wachache waliuliza kama kuna chochote alichowekewa anunue.

Muuza kanga wa Mombasa au Kariakoo asingefanya kosa hilo. Yeye anajua kwamba mteja wake akishaipenda rangi, husoma kwanza maneno ndipo afungue pochi.

Aliyelitambua soko hilo mapema ni mwanamke wa Japani, Keiko Erikawa. Yeye na mumewe, Yoichi, ndio walioanzisha kampuni ya Koei mwaka 1978, ikajipatia jina kwa michezo ya vita na utawala. Ndani ya kampuni hiyo Bibi Erikawa aliunda kikundi cha wanawake kilichoitwa Ruby Party, na Septemba 1994 kikundi hicho kikatoa mchezo wa Angelique kwa ajili ya mashine ya Super Famicom ya Nintendo.

Katika mchezo huo, mchezaji ni msichana anayeshindana na mwenzake kuwania kiti cha malkia wa ulimwengu. Anajenga bara lake kwa msaada wa walinzi tisa, wote wanaume. Kadiri anavyozoeana nao ndivyo mmoja wao anavyoweza kumpenda, na hapo anafika njia panda: achukue kiti au achukue mpenzi. Mnunuzi alilipia hadithi ambayo uamuzi wake ni wa mnunuzi mwenyewe. Baadaye wahusika wale wale waliuzwa tena katika maigizo ya sauti, vitabu vya picha na maonyesho ya jukwaani.

Michezo ya aina hiyo huitwa otome, neno la Kijapani lenye maana ya mwanamwali. Washindani hawakukaa kimya. Konami, iliyokuwa imewauzia wanaume mchezo wa mapenzi mwaka huo huo wa 1994, ilitoa toleo la wanawake mwaka 2002. Mwaka 2008 kampuni ya Idea Factory ikaleta Hakuoki, hadithi ya mapenzi na wapiganaji wa zamani wa Japani. Voltage ya Tokyo iliyahamishia mapenzi hayo kwenye simu za mkononi, na mwaka 2010 hisa zake zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la mji huo. Bibi Erikawa mwenyewe aliingia katika bodi ya wakurugenzi ya SoftBank Group mwaka 2021. Wanaoyaona mapenzi ya video kuwa mchezo wa kitoto na waangalie ni watu gani wanaoyafanyia hesabu.

China yaingia sokoni

Desemba 2017 kampuni ya Kichina ya Papergames ilitoa mchezo unaojulikana nje ya China kwa jina la Mr Love: Queen's Choice. Mchezaji ni mwanamke aliyerithi kampuni ya kutengeneza vipindi vya televisheni, na wanaume wanne wanamzunguka: tajiri mwenye mtaji, mwanasayansi, askari na mwimbaji. Mwezi mmoja tu baadaye, mjini Shenzhen, taa za jengo refu zilikodiwa kumtakia heri ya kuzaliwa yule tajiri, mtu ambaye hayupo duniani.

Wakubwa walisikia. NetEase na miHoYo waliingia sokoni mwaka 2020, Tencent mwaka 2021. Januari 2024 Papergames ilileta Love and Deepspace, na mwaka mmoja baadaye ikatangaza kuwa wachezaji wamepita milioni 50. Katika mchezo huo mpenzi humtazama mchezaji usoni, hukaa naye akifanya kazi, na hata humkumbusha siku zake za hedhi.

Hadi hapa hakuna la kulaumu. Mteja aliyedharauliwa amepata bidhaa yake, na waliomjali wamepata faida. Tatizo linaanzia kwenye namna ya kutoza.

Angelique ulinunuliwa mara moja, dukani, kwa bei iliyoandikwa. Mchezo wa leo wa simu hutolewa bure, na fedha hupatikana kwenye kadi. Sehemu tamu za hadithi, mavazi na mikutano ya faragha na mpenzi hutolewa kwa kuchota kadi bila kuiona, na kadi nzuri ni adimu. Wajapani huuita mtindo huo gacha, jina lililotoka kwenye mashine za kuuzia vidude vya watoto. Makampuni mengi huweka kikomo, kwamba baada ya kuchota mara kadhaa kadi nzuri lazima itoke. Hata hivyo mteja hajui mapema kama atalipa kidogo au atalipa mpaka kwenye kikomo, na kadi nyingi hutolewa kwa siku chache tu.

Serikali zimekwisha kuiona hatari hiyo. Mwaka 2012 Japani ilipiga marufuku mtindo wa kumtaka mteja akusanye kadi zote za bahati ndipo apewe zawadi kubwa. Kuanzia Mei 2017 China iliyalazimisha makampuni kutangaza uwezekano wa kupata kila kitu. Mwaka 2018 Ubelgiji ikaamua kuwa masanduku ya bahati yanayolipiwa katika baadhi ya michezo ya video ni kamari.

Watetezi wa kadi wanasema mwanamke ni mtu mzima, anatumia fedha zake, na hakuna anayemsimanga mwanamume anayemaliza mshahara kwenye mpira. Hilo ni kweli, na kejeli za namna hiyo hazina nafasi. Lakini mtu mzima ndiye hasa anayestahili kuonyeshwa bei kabla ya kutoa fedha. Tena anayechota kadi ya bunduki akikosa huishia kununa, wakati anayechota kadi ya mpenzi, siku ya kuzaliwa kwa mpenzi huyo, huona amemtupa. Mfanyabiashara anaujua uchungu huo, naye ameuingiza katika hesabu zake.

Kuna njia nyingine. Agosti 2023 kampuni ya Larian, ya huko huko Ubelgiji, ilitoa Baldur's Gate 3, mchezo wa vita na safari wenye mapenzi yaliyoandikwa kwa makini. Mnunuzi hulipa bei moja, wala hachoti kadi. Mwaka huo ulishinda tuzo ya mchezo bora katika The Game Awards, na mwigizaji wa Astarion, mnyonya damu anayependwa na wengi, alipata tuzo ya uigizaji bora.

Wanaoandika nao wakumbukwe. Mwaka 2020 waandishi 21 waliokuwa wakiitungia hadithi za mapenzi tawi la Voltage la Marekani waligoma kwa wiki tatu kwa sababu ya malipo duni. Walirudi kazini na nyongeza ya wastani wa asilimia 78. Kama nyongeza ya kiasi hicho iliwezekana, basi thamani ya kazi yao ilikuwa ikiliwa na mtu mwingine siku zote.

Makampuni yanayotaka kudumu katika soko hili yaandike bei ya kila hadithi kwa fedha taslimu. Anayeitaka kadi fulani aweze kuinunua moja kwa moja, na siri za mwili alizoikabidhi simu yake zisigeuzwe bidhaa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mchota kadi hana daftari, lakini aliyemuuzia analo.