Tunalilia mashine, mkojo hatupimi!

Wandugu, kuna jambo linanikera na leo nalisema. Ukitajwa ugonjwa wa figo, iwe stendi ya Makambako au ofisini Njombe mjini, mjadala unakimbilia kwenye mashine. Ziko ngapi, nani alete, nani alipie. Hivi nani anauliza mgonjwa alifikaje kwenye hiyo mashine?

Twende taratibu. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja. Vinatoa taka na kubakiza vya maana, ikiwemo protini iitwayo albumini. Presha au kisukari kikivichakaza, albumini inavuja na kuingia kwenye mirija ya mkojo. Seli za mirija zinajitahidi kuirudisha kwenye damu, zinazidiwa, zinatoa ishara za hatari. Hapo inaingia protini nyingine, TGF-beta, ile ile inayosaidia kidonda cha mguuni kufunga. Inaamuru seli zitengeneze kolajeni, nayo ni protini, ili kuziba palipoumia. Kidonda cha mguu kikipona, mafundi wanaondoka. Kwenye figo chanzo cha jeraha hakikomi, basi mafundi wanaendelea kumwaga zege mpaka vichujio vinageuka kovu. Vilivyobaki vinabeba mzigo wa vilivyokufa, presha ndani yake inapanda, navyo vinaanza kuvuja. Wakati huo mwenye figo yuko shambani anachimba viazi, hana maumivu yoyote.

Kwa hiyo usinilaumie maharage. Protini ninayoisema ni ya mwilini mwako mwenyewe.

Mtaniambia sayansi italeta dawa ya kufuta kovu. Dawa ya kuzuia TGF-beta ilishajaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari wenye figo mbovu. Jaribio likasitishwa kwa kukosa faida, matokeo yakachapishwa 2017. Kovu likishakaa, limekaa. Kinachowezekana ni kulichelewesha, na ili ulicheleweshe lazima uone albumini inapoanza kuvuja.

Sasa kituko ni hiki. Kipimo cha kuanzia ni kijiti cha kuchovya kwenye mkojo, na jibu unalipata kwa dakika chache. Kliniki za wajawazito zinakijua, maana protini kwenye mkojo ni dalili mojawapo ya hatari ya kifafa cha mimba. Kama mama mjamzito anastahili kijiti hicho, mumewe mwenye presha ya miaka kumi amekosa nini?

Na mkoa wenyewe ni Njombe. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta watu wazima wenye VVU hapa ni asilimia 12.7, wakati taifa zima ni 4.4. VVU vyenyewe vinaweza kuharibu vichujio vya figo, na tenofovir, dawa inayookoa maisha ya wengi, kwa baadhi ya watu huumiza mirija yake. Hiyo si sababu ya kuacha dawa hata siku moja! Ni sababu ya kupima mkojo na damu.

Kuna watakaopinga kwamba kijiti kinaweza kudanganya. Kweli, homa au mazoezi makali yanaweza kuleta protini ya muda, na uvujaji mdogo kinaweza kuukosa. Basi rudia, kisha nenda kwenye kipimo kikubwa zaidi. Lakini kusubiri kreatinini ya damu ipande peke yake ni mchezo mbaya, maana inaweza kuonekana safi hata karibu nusu ya kazi ya figo ikiwa imepotea.

Akigundulika mapema, daktari ana silaha. Losartan na jamaa zake zinashusha presha ndani ya vichujio na kupunguza uvujaji, jambo lililothibitishwa kwa wagonjwa wa kisukari tangu 2001. Akichelewa, ni mashine mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara. Makambako hadi Njombe ni kama kilomita 60. Piga hesabu ya nauli, kwenda na kurudi, mwaka mzima, kabla hujagusa gharama ya matibabu.

Sipingi mashine. Aliyekwisha kufika huko anaihitaji, na alipiwe. Ninachopinga ni siasa ya kukata utepe mwisho wa safari wakati mwanzoni kijiti kinakosekana. Utepe wa mashine unapigwa picha, mkojo haupigwi. Ndiyo tatizo letu.

Wewe mwenye presha, kisukari au VVU, ukienda kliniki wiki hii uliza swali moja: mkojo wangu umepimwa protini lini? Wakikosa jibu, usiondoke kimya.