Jiwe la Kilo 130 Sebuleni

Mwezi huu tunaweka pembeni mapazia na mashuka, tunazungumzia meza ya chakula. Ile yenye jiwe juu, marumaru au graniti, ambayo wachumba wengi wanaoanza maisha wanaiota. Msomaji mmoja, mama wa mtoto wa miezi 11, kaniandikia kwamba mumewe alipata kipande kizuri cha graniti kwa bei poa, kwa jamaa wanaokata makaunta ya jikoni. Jiwe limeegemezwa ukutani sebuleni mwezi wa pili huu. Baba anataka fundi apigilie miguu minne chapchap ili Jumapili wale mezani. Mama anataka miguu myembamba ya kuchongwa kama aliyoiona kwenye picha. Wamefikia hatua ya kusalimiana tu asubuhi.

Dada yangu, kabla ya habari ya miguu, litoeni hilo jiwe hapo ukutani leo leo. Mtoto wa umri huo anajifunza kusimama kwa kushika chochote kilicho mbele yake, na jiwe lililosimama likivutwa kidogo tu kwa juu linakuja lote. Lihamishieni chumba kinachofungwa kwa ufunguo, lisimame kwa ubavu juu ya vipande viwili vya mbao, mlifunge kamba imara kwenye nondo za dirisha. Hapo ndipo mnaweza kuendelea kununiana kwa amani.

Sasa tupige hesabu. Mita moja ya ujazo ya graniti ina karibu kilo 2,700. Jiwe la meza ya watu sita, lenye urefu wa sentimita 180, upana 90 na unene wa sentimita 3, linakaribia kilo 131. Hiyo ni zaidi ya mifuko miwili na nusu ya saruji! Likiwa na unene wa sentimita 2, bado ni kilo 87 na ushee. Marumaru nayo haipishani sana. Na hapo hujaweka sufuria la pilau, wala shemeji anayependa kuegemea meza akisimulia mpira.

Watu wakisikia kilo hizo wanawaza miguu minene. Sawa, miguu inene, lakini ukweli ni kwamba mguu wa mbao ngumu wa inchi 3 kwa 3 hauvunjiki kwa kubeba kilo 35 zake. Kinacholegea ni kiungo, pale mguu unapokutana na mbao za ubavuni zinazozunguka meza chini ya jiwe. Meza ya jiwe huanguka kwa kuyumba. Mtu anaisukuma kwa pembeni, viungo vinapiga kelele kidogo, kesho vinacheza zaidi, na uzito ule wote uko juu ukisubiri. Kwa hiyo baba, samahani, misumari peke yake hapana. Msumari hushika vizuri siku ya kwanza, mbao ikishakauka na kusinyaa unabaki unaogelea. Na mama, samahani pia, mguu uliochongwa hadi ukawa mwembamba pale juu hauna nafasi ya kushika kitu. Kama unataka nakshi, fundi aiweke chini, inchi 6 za juu ziachwe nene na za mraba.

Mwambie fundi hivi, na kama ni fundi kweli atakuelewa: mbao za ubavuni ziwe na upana wa inchi 5 au 6, kwa sababu kiungo kirefu ndicho kinachozuia kuyumba. Zichongwe ulimi, uingie kwenye tundu la mguu kwa gundi. Kwa ndani, katikati ya meza, zipite mbao za kukatiza kila baada ya sentimita 40 au 45. Jiwe linastahimili sana kukandamizwa, ila kupinda haliwezi. Likikosa mtu wa kulishika katikati linapasuka bila kukuaga. Kingo zake nazo zisitokeze mno nje ya fremu. Mimi nisingezidisha sentimita 15 kwa jiwe la sentimita 2, au 25 kwa la sentimita 3.

Mbao gani? Mninga ndiyo chaguo langu. Ni ngumu vya kutosha, na ikishakauka haichezi sana na unyevu, jambo kubwa kwa sisi tunaoishi na joto la Pwani. Mtiki wa Longuza au Mtibwa nao ni mzuri. Paina ya Sao Hill inafaa pia kama mfuko umebana, ila muiongeze unene, miguu iwe inchi 4 kwa 4. Lililo muhimu kuliko jina ni ukavu. Keko utaonyeshwa mbao inayong'aa kwa vanishi huku ndani bado mbichi. Nenda ukaione fremu ikiwa uchi, kabla haijapakwa chochote, na usimalizie malipo mpaka uione. Vanishi na poda ya mbao vimeficha mengi mjini hapa.

Siku hiyo ya kwenda kuiona, nendeni wote wawili. Weka pima maji juu, kotekote na kwa mshazari, kwa sababu fremu ikipinda, jiwe litakaa kwenye ncha mbili tatu tu. Kisha kaeni juu yake, wewe na mwenzio. Wengi wenu mkijumlishwa mnafika kilo 130, ndio uzito wa jiwe lenyewe. Fundi aisukume kwa pembeni mkiwa hapo juu. Ikiyumba au kulia, irudi kazini. (Mlionuniana, hapo lazima mtacheka.)

Kwa wapangaji kuna jambo la ziada. Mwenye nyumba akipandisha kodi mtahama, na meza iliyogundishwa yote haipiti mlangoni wala kwenye ngazi za ghorofa. Ile miguu na mbao za upande mfupi viunganishwe kwa gundi, lakini mbao mbili ndefu zifungwe kwa bolti na nati kubwa, mbili kila kona. Spana moja, meza iko vipande. Bolti zikazwe tena baada ya miezi miwili mitatu.

Jiwe libebwe na watu wanne, likiwa limesimama kwa ubavu kama kioo, kamwe lisibebwe limelala. Usiruhusu lipigwe gundi ngumu kwenye mbao: mbao hutanuka na kusinyaa, jiwe halifanyi hivyo. Matone ya silikoni kila baada ya sentimita 30 yanatosha, na kama ni marumaru omba ile isiyoacha madoa kwenye mawe. Marumaru pia haipatani na ndimu, itakula mng'ao wake, kwa hiyo wapenzi wa kachumbari chukueni graniti. Iacheni silikoni ikauke siku nzima, na mkitaka kuisogeza meza ile, toeni kwanza viti, itaneni watu, muinyanyue. Ikiburuzwa, miguu ndiyo inayolipa.