Asilimia Nne ya Nini?

Tangu mikopo ya halmashauri isimamishwe Aprili 2023, na hata baada ya kurejeshwa mwaka wa fedha 2024/25, mjadala umekuwa uleule: pesa ipitie benki au ibaki kwa maofisa maendeleo ya jamii, vikundi hewa vimekula kiasi gani, nani hajarejesha. Ni maswali halali, lakini yamemeza lile ambalo hapa Ufipa, mkoani Rukwa, ndilo la kwanza. Asilimia 4 ambayo kila halmashauri hutenga kwa mikopo ya vijana ni asilimia 4 ya nini?

Ni ya mapato ya ndani, ukiondoa vyanzo lindwa. Na kwa halmashauri zetu za vijijini, mapato hayo yanategemea sana ushuru wa mazao. Simama kwenye geti la mazao wakati wa mavuno: karani anahesabu magunia ya mahindi, mashine ya POS inatoa stakabadhi, lori linaondoka. Kijana aliyelima mahindi yale kwa plau na ng'ombe ndiye anayeambiwa ametengewa fungu. Fungu limetoka kwenye gunia lake.

Bei ikianguka anaumia mara mbili: shamba halimlipi, na halmashauri haina cha kumkopesha. Tumeyaona hayo: Juni 2017 mahindi yalizuiwa kuvuka mpaka, bei ikaanguka. Mwaka huohuo ushuru wa mazao ya chakula ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 2. Punguzo lile lilikuwa haki ya mkulima, nami nalitetea hadi leo. Lakini mwaka 2018 sheria ilipolifanya fungu la vijana kuwa la lazima, ililiacha lining'inie kwenye ushuru uleule.

Wanaosema vijana wetu ni wagumu kurejesha waangalie kalenda. Mahindi ya huku hupandwa Novemba na Desemba; anayedai rejesho Februari anadai mahindi mabichi.

Ndani ya toleo hili mtakuta uchambuzi wa BBT, mpango wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo, ambao mwandishi wake anayaamini mashamba ya Chinangali kuliko mimi. Kijana wa Laela hahitaji kuhamia Dodoma ili alime. Mvua iko kwao. Makala ya wakamuaji wa alizeti ni fupi na nzuri.

Madiwani, pangeni marejesho yaanze baada ya mavuno. Wabunge wa Rukwa, pelekeni hoja bungeni kabla ya bajeti ijayo: kila halmashauri iwekewe kiwango cha chini cha mfuko wa vijana, na mwaka ambao ushuru haufiki, Hazina ijazie.