Kwa nini watu hukwepa ushuru? Utafiti wa Profesa Semboja una jibu kwa Kaengesa

Msimu wa mavuno ukifika Ufipa, mahindi na maharage yanapakiwa kwenye malori kando ya barabara ya Sumbawanga–Tunduma, Kaengesa ikiwemo. Mkusanyaji anauliza risiti ya ushuru. Mkulima naye ana swali lake: hiyo hela inarudi wapi?

Swali hilo si la leo. Profesa Joseph Semboja, mchumi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, amelifanyia kazi kwa miaka mingi. Aliongoza taasisi ya utafiti ya REPOA tangu ilipoanza miaka ya 1990, kisha akawa mtendaji mkuu wa Taasisi ya Uongozi, iliyoanzishwa 2010.

Kodi ya kichwa

Halmashauri za wilaya zilifutwa 1972, zikarudi 1984. Ziliporudi zilihitaji hela, ikaja kodi ya maendeleo. Wazee wanaikumbuka kama kodi ya kichwa: huna stakabadhi, unakimbizana na mgambo.

Mwaka 2001, Semboja na mwenzake kutoka Norway, Odd-Helge Fjeldstad, walichapisha utafiti kuhusu kodi hiyo. Swali lao lilikuwa jepesi: kwa nini watu wanalipa, na kwa nini wengine hawalipi?

Majibu yao yalikuwa haya:

- Uwezo wa mtu una nafasi yake. Asiye na kitu hatalipa hata ukimtisha.
- Hofu ya kushtakiwa inafanya kazi, lakini ukimjua jirani asiyelipa na hajaguswa, nawe unaacha.
- Mabavu na kero za wakusanyaji, pamoja na huduma mbovu, vinaongeza ugumu wa watu kulipa.

Kwa maneno mengine, mtu anapima anachotoa na anachopata.

Ilipofutwa 2003

Mwaka 2003 serikali iliifuta kodi ya maendeleo pamoja na kodi nyingine zenye kero. REPOA iliwauliza wananchi wa halmashauri sita mwaka 2003, ikarudi 2006. Mtazamo wao kuhusu kodi ulikuwa umekuwa mzuri zaidi.

Ila kuna upande wa pili. Halmashauri ilipoteza chanzo chake, ikazidi kutegemea Hazina. Ukitegemea hela ya juu, unawajibika kwa aliye juu. Mwananchi wa kijijini anabaki mtazamaji.

Kilichobaki: ushuru wa mazao

Kwa halmashauri ya vijijini kama Sumbawanga, ushuru wa mazao ni mahali ambapo mkulima na halmashauri bado wanakutana uso kwa uso. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi kiwango kisichozidi asilimia 3. Mzigo usiozidi tani moja, yaani magunia 10 ya kilo 100, ukaondolewa ushuru unapotoka halmashauri moja kwenda nyingine.

Kisheria mlipaji ni mnunuzi. Lakini mnunuzi si mjinga: anaupunguza kwenye bei anayompa mkulima. Basi mkulima analipa bila hata kushika risiti, na asiyeshika risiti hana cha kudai.

Mashine za kielektroniki zimesaidia kuziba mianya ya vitabu vya risiti. Lakini mashine inaonyesha kilichokusanywa tu. Haisemi kimefanya nini. Hapo ndipo utafiti wa 2001 unapogusa leo: ukiongeza vizuizi barabarani bila kuongeza dawa zahanati au madawati shuleni, unafundisha watu kupita njia za panya usiku.

Ufanye nini?

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Nenda. Uliza mambo mawili tu: ushuru wa msimu huu umekusanywa kiasi gani kwenye kata yetu, na kiasi gani kimerudi kwetu?

Diwani akiwa na majibu, msimu ujao kukusanya ushuru kutakuwa rahisi. Akikosa, asimshangae anayekwepa.