Jina hili ni la wapi?



Leo nianze na kisa cha nyumbani. Mdogo wangu alipotimiza miaka 18 alikwenda kuomba kitambulisho pamoja na rafiki yake Peter. Vijana hawa wamezaliwa hospitali moja, wamesoma darasa moja na wanacheza timu moja ya mtaa. Karani akaangalia karatasi za Peter, akachukua alama za vidole, basi. Akashika za mdogo wangu, akasoma jina: Athumani. Akamtazama usoni, akamuuliza, "Jina hili ni la wapi?"

Swali hilo lilitugharimu miezi saba. Leta kitambulisho cha baba. Leta cha babu. Leta barua ya chifu. Njoo siku ya kupigwa msasa, ukae mbele ya wazee uulizwe ukoo wako kama mshtakiwa. Bibi yetu alipindua sanduku lake zima kutafuta karatasi za marehemu mumewe. Kitambulisho kilipotoka, kimeandikwa Othman. Cheti cha kuzaliwa chasema Athumani, cha shule chasema Athman. Kijana mmoja, watu watatu! Na kusahihisha makosa ya ofisi, gharama ni yako: wakili, kiapo, nauli, foleni upya. Kazi aliyokuwa ameahidiwa ilikwenda kwa mwingine. Bila kitambulisho huajiriwi, husajili laini ya simu, hupigi kura.

Swali lenyewe si baya. Ubaya ni kwamba aliyeuliza hakutaka jibu. Basi jibu nalitoa hapa.

Athumani ni jina la hapa. Mwarabu husema Uthman, jina la khalifa wa tatu. Aliyeitia "a" mbele na "i" nyuma ni ulimi wa Mswahili. Umar kwetu akawa Omari, Abu Bakr akawa Bakari, Fatima akawa Fatuma. Anayesema Bakari ni jina la kigeni, naaende Makka asimame sokoni aite "Bakari!" aone atakayegeuka. Kama si Mmombasa aliyekwenda Hija, hageuki mtu.

Na Mwanajuma je? Mwana ni neno letu, Juma ni siku ya Ijumaa. Hamisi ni wa Alhamisi. Rajabu, Shaabani na Ramadhani ni miezi. Idi ni wa sikukuu. Mwanamvua, mvua ilikuwa yanyesha mamake akijifungua. Tabu na Mashaka, hao ukiuliza nyumbani kwao utaambiwa mwaka ule walipitia nini. Wazee wetu wengi hawakuandikiwa vyeti vya kuzaliwa, lakini waliitia tarehe ndani ya jina. Leo ofisi yakataa ushahidi huo, kisha yadai karatasi ambayo serikali yenyewe haikuwapa.

Athumani pia ni jina la babu yetu, fundi wa mashua. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu ili mzee asipotee. Yaani karani alikuwa anamdai kijana ushahidi wa babu yake, na babu mwenyewe ameandikwa pale mstari wa kwanza wa fomu!

Sina neno na Peter, ni ndugu yetu. Lakini jina lake ni la Kigiriki, likapita Uingereza, likafika Pwani, na hakuna aliyemuuliza ni la wapi. Wala asiulizwe! Tunachotaka ni Athumani naye asiulizwe.

Historia nayo iko wazi. Pale Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wamekuta mabaki ya msikiti wa karne ya 8. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 alikuta watu wa mji ni Waislamu, wana misikiti yao ya mbao. Watu wale walikuwa wakiitana majina. Koloni la Mwingereza lilipewa jina la Kenya mwaka 1920. Sasa nani mgeni kwa nani?

Tena hatuombi hisani. Katiba ya 2010, kifungu cha 12, yasema kila raia ana haki ya hati ya kumtambulisha. Kifungu cha 27 chakataza serikali kumbagua mtu kwa dini, kabila au asili yake. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imekiuka haki za watoto wa Kinubi, watu waliokaa Kibra vizazi na vizazi. Na Februari 2025 Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tamko la kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Twashukuru. Lakini saini iko juu, dirisha la karani liko chini. Haki yapimwa pale dirishani.

Sasa tugeuke kwetu, maana ukweli hauchagui. Sisi wenyewe tumeanza kuyaonea haya majina haya. Binti aitwa Mwanamvua, akifika Nairobi atafuta jina jingine la kazini. Wazazi wachukua jina kwenye tamthilia ya Kituruki bila kujua maana yake. Mtume (s.a.w.) aliwabadilishia watu majina yenye maana mbaya, ishara kwamba maana ina uzito. Sisemi jina jipya ni haramu. Nasema usimpe mtoto jina ambalo wewe mwenyewe huwezi kulieleza, kwa sababu ipo siku ataulizwa, na wewe hutakuwepo.

Basi tufanye mambo matatu. Usiku wa leo muulize mzee wako: jina langu lilitoka kwa nani, na kwa nini? Liandike. Pili, linganisha maandishi ya jina la mtoto kwenye cheti cha kuzaliwa na cha shule mapema, kabla hajafika miaka 18. Na usiondoke dirishani kabla ya kusoma kilichoandikwa. Tatu, ukiombwa karatasi ambayo mwenzako hakuombwa, omba uandikiwe sababu, weka tarehe, utuletee. Malalamiko ya mdomo hupotea, ya karatasi hufika mahakamani.

Na wewe karani, ukisoma haya: siku nyingine akija Athumani, usimuulize jina lake ni la wapi. Muulize laandikwa vipi, uliandike sawasawa.