Neno la Mhariri: Tumsikilize Fazıl Say Kuanzia Kwenye Piano Moja

Watu wengi wanamjua Fazıl Say kwa mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaomjua kama mpiga piano kutoka Ankara aliyerekodi sonata zote za Mozart na zote 32 za Beethoven. Wapo pia waliomsikia kwa mara ya kwanza Aprili 2013, mahakama ya Istanbul ilipompa kifungo cha nje cha miezi kumi kwa maneno aliyoyaandika Twitter. Yupo Say wa tatu, naye ndiye anayezungumzwa kidogo kuliko wote: mtunzi aliyezaliwa 1970, ambaye kazi zake zenye namba zilishapita 80 muda mrefu uliopita. Toleo hili ni la huyo wa tatu. Na mimi nina hoja moja juu yake, ambayo nimeitumia kupanga kurasa zote zinazofuata: Say anaeleweka kupitia kazi zake ndogo. Ukianza na simfonia utaona mandhari. Ukianza na piano moja utaona jinsi anavyofikiri, na hapo ndipo utakapoweza kusema simfonia imefaulu wapi na imekwama wapi.

Kazi ya kuanzia ni Kara Toprak, Udongo Mweusi, ya 1997. Ni fupi, haifiki hata dakika kumi. Mpiga piano huinama, akaingiza mkono wa kushoto ndani ya ala na kuzibana nyuzi kwa vidole, huku mkono wa kulia ukiendelea kupiga vibao. Nyundo inagonga kama kawaida, lakini uzi uliobanwa hauwezi kuimba. Unatoa sauti fupi na kavu, yenye ukungu kidogo, na sikio papo hapo linasahau kwamba linasikiliza piano. Linasikia saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu wanayotembea nayo malenga wa Anatolia.

Malenga anayekusudiwa hapa anajulikana. Ni Âşık Veysel, aliyezaliwa 1894 katika kijiji cha Sivrialan, mkoani Sivas, akapofushwa na ndui angali mtoto, akaishi kwa saz na mashairi hadi alipofariki 1973. Kara Toprak ni jina la wimbo wake maarufu, ambamo ardhi inatajwa kuwa mpenzi pekee asiyemsaliti mtu. Mtunzi mwingine angeuchukua wimbo huo na kuuvisha akordi nzuri. Say ameuacha wimbo ulipo, akachukua namna mkono wa Veysel ulivyogusa uzi. Katikati ya kazi mkono wa kushoto unatoka ndani, na piano inarudi kuwa piano kwelikweli, yenye mawimbi ya karne ya 19 na akordi za jazi. Kisha mkono unaingia tena. Mshono kati ya hali hizo mbili haukufichwa, na aliyekaa ukumbini anauona kwa macho, maana mchezaji lazima abadili mkao wa mwili mzima. Mimi naona hapo ndipo ulipo uaminifu wa kazi hii. Haidai kwamba Sivas na Vienna ni mtaa mmoja.

Kwa Mturuki jambo hilo lina historia nzito nyuma yake. Jamhuri ilipoanzishwa 1923 ilitaka muziki mpya wa taifa, na kazi hiyo ikawaangukia watunzi watano waliozaliwa kati ya 1904 na 1908: Cemal Reşit Rey, Ulvi Cemal Erkin, Hasan Ferit Alnar, Ahmed Adnan Saygun na Necil Kazım Akses. Walisoma Paris, Vienna na Prague. Mwishoni mwa 1934 redio ilikatazwa kupiga muziki wa kale wa Kiosmani, na katazo hilo likadumu zaidi ya mwaka. Mwaka 1936 mtunzi Béla Bartók alifika kutoka Hungaria, akazunguka na Saygun vijiji vya upande wa Adana wakirekodi nyimbo za wenyeji. Njia iliyopendekezwa ilikuwa wazi: lahani itoke kijijini, ufundi utoke Ulaya. Njia hiyo ilizaa kazi kubwa, na oratorio ya Saygun iitwayo Yunus Emre, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza 1946, bado inastahili heshima yake yote. Lakini ndani ya mpango huo mlikuwa na daraja: kijiji kilileta malighafi, na mji ukaipika.

Say ni mtoto wa mpango huohuo, tena wa nyumba ya wasomi. Baba yake, Ahmet Say, alikuwa mwandishi na mtaalamu wa muziki. Mwalimu wake wa kwanza wa piano, Mithat Fenmen, alikuwa amesoma kwa mpiga piano Alfred Cortot mjini Paris. Kilichomwokoa Say asiwe mwanafunzi mtiifu tu wa daraja lile, nadhani, ni tabia moja ya Fenmen. Kabla ya mazoezi ya vidole, kila siku alimtaka mtoto abuni muziki papo hapo kutokana na mambo aliyoyapitia siku hiyo. Mtoto aliyelelewa hivyo haoni piano kuwa mgeni anayehitaji kutafsiriwa. Kwake ndiyo ala ya kwanza ya kusimulia yaliyomo mtaani, na kama mtaani mna saz, basi piano itafute namna ya kuwa saz.

Katika muziki wa vikundi vidogo tabia hiyo inapata wenzake wa kubishana nao. Nimependa sana sonata ya selo na piano iitwayo Dört Şehir, Miji Minne, ya 2012, aliyomwandikia mpiga selo Nicolas Altstaedt. Miji yenyewe ni Sivas, Hopa, Ankara na Bodrum. Hopa iko pwani ya Bahari Nyeusi karibu na mpaka wa Georgia, na ngoma ya huko, horon, huenda mbio kwa mapigo saba yasiyogawanyika sawasawa. Uta wa selo unalazimika kukwaruza haraka na kwa nguvu, mithili ya kemençe, kifidla chembamba cha wenyeji. Bodrum, mji wa ufukwe na baa, unapewa jazi. Wapo watakaosema huu ni utalii. Sikubali, kwa sababu ya Sivas. Sehemu hiyo inakuja kwanza, na Say anapoitaja Sivas hawezi kumtaja Veysel peke yake. Tarehe 2 Julai 1993 kundi la watu lilichoma hoteli ya Madımak mjini humo, walimokuwa wasanii na waandishi waliokuja kwenye tamasha la Waalevi, jumuiya ya kidini ya Uturuki. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mshairi Metin Altıok alifariki siku chache baadaye kwa majeraha, na mwaka 2003 Say alimtungia rekwiemu kubwa ya kwaya na okestra. Anayejua hayo hawezi kuisikiliza selo ile kama kadi ya posta.

Kazi nyingine za aina hii nazitaja kwa kupita. Kwarteti ya nyuzi ya 2010 iitwayo Talaka ni kali, na sehemu zake za ugomvi zimeandikwa vizuri kuliko za upole. Trio ya 2013 juu ya mruko wa Felix Baumgartner kutoka kwenye tabaka za juu za anga inafurahisha, lakini baada ya kuisikia mara moja sijisikii kuirudia.

Sasa okestra. Hapa Say anapendwa kuliko kwingine, na hapa ndipo ninapokuwa mgumu. Konseto yake ya fidla juu ya hadithi za Alfu Lela Ulela, iliyochezwa kwa mara ya kwanza Luzern, Uswisi, mwaka 2008 na Patricia Kopatchinskaja, inasimama imara kwa sababu mpiga fidla anasimulia bila kukatizwa: sehemu nne zimeunganishwa, na ngoma za Kituruki zinamjibu pale tu zinapokuwa na la kusema. Simfonia ya Istanbul, iliyofunguliwa Dortmund Machi 2010, ni jambo jingine. Ina sehemu saba: nostaljia, tarika, Msikiti wa Buluu, wasichana waliojipamba ndani ya feri ya kwenda Visiwa vya Wanawafalme, abiria wanaoondoka kituo cha reli cha Haydarpaşa, usiku wa mashariki, na hitimisho. Ukisoma orodha hiyo umeshaona picha zote kabla nota moja haijapigwa, na okestra mara nyingi inaridhika kuzipaka rangi tu.

Inapoacha kupaka rangi ni pale nai, filimbi ya mwanzi, na kanuni, ala ya nyuzi nyingi, zinapoingia. Nadharia ya muziki wa Kituruki huigawa hatua nzima ya sauti katika sehemu tisa, na makamu, yaani ngazi za sauti za muziki huo, huchagua kati ya sehemu hizo. Piano haina sauti hizo. Kanuni inazo, kwa sababu chini ya nyuzi zake kuna vichuma vidogo ambavyo mchezaji huviinua na kuvishusha kwa mkono wa kushoto huku akicheza, na nai hupata zake kwa mdomo na pembe ya kichwa. Ala hizo mbili zinapozungumza, fidla za okestra hulazimika kunyamaza au kukaa chini yake. Kwa dakika kadhaa daraja lile la zamani linapinduka: Istanbul inaongoza, Dortmund inasindikiza. Wasomaji wetu wa Zanzibar na Mombasa watayasikia haya kwa masikio yaliyokwisha kufunzwa. Kanuni imekaa katika taarab kwa zaidi ya karne, na bashrafu inayofungua onyesho la taarab asilia ni umbo la muziki wa Kiosmani lililotufikia kupitia Cairo. Naamini mchezaji wa Zanzibar ana ya kumwambia mhakiki wa Ulaya juu ya kurasa hizo za simfonia, na ndiyo maana tulitafuta makala kutoka huko.

Imebaki siasa. Nimeiweka mwisho kwa makusudi, bila kukusudia kuidogosha. Maneno yaliyompeleka Say mahakamani, baadhi yakiwa beti zinazonasibishwa na mshairi Omar Khayyam, yaliwaudhi waumini, na msomaji anayeudhika nayo namheshimu. Hukumu hatimaye ilibatilishwa, na 2016 akaachiwa huru. Katikati ya miaka hiyo, 2014, kazi zake ziliondolewa kwenye ratiba ya Okestra ya Simfonia ya Rais mjini Ankara. Mtu aliyetendewa hivyo anaweza kugeuka bango, na wapenzi wake wa nje wamemgeuza bango mara nyingi. Namwomba msomaji ajaribu kitu kimoja. Say alitunga kazi tatu juu ya maandamano ya bustani ya Gezi, Istanbul, ya mwaka 2013: konseto ya piano mbili, sonata ya piano, na utenzi wa sauti ya mwanamke pamoja na piano na nyuzi. Azisikilize zote tatu. Konseto ina kelele za mitaa na inachangamsha. Lakini inayokamata koo ni sonata, ya mtu mmoja na piano yake. Sehemu yake ya pili ni kimya cha wingu la gesi, na ya tatu inamlilia Berkin Elvan, kijana aliyepigwa kichwani na kopo la gesi ya machozi na kufariki Machi 2014 akiwa na miaka 15, baada ya siku 269 za kuzimia. Muziki haupandi jukwaani hapo. Unashuka, unarudia nota chache, na Say anakataa kuzipamba. Ni mkono uleule wa 1997 uliojifunza kuufanya uzi usiimbe.

Kwa sababu hiyo makala zimepangwa piano kwanza, vikundi vidogo katikati, okestra mwisho. Sonata ya pili ya fidla na piano, ya 2019, aliyoitunga wakati miti ilipokuwa ikikatwa kwenye mlima Kaz kwa ajili ya mgodi wa dhahabu, imepewa kurasa nyingi kuliko simfonia yoyote, na kwa uamuzi huo nalaumiwa tayari humu ofisini. Mmoja wa waandishi wetu anaona nimekosea kuipima Simfonia ya Istanbul kwa vipande vyake vya nai na kanuni. Anasema sehemu ya Haydarpaşa, pamoja na mwendo wake wa treni, imebeba historia ya Waanatolia walioingia na kutoka Istanbul kwa kituo hicho tangu enzi za Waosmani, na kwamba umati wa namna hiyo hauwezi kubebwa na piano moja. Makala yake tumeichapa nzima, bila kuipunguza, nayo ndiyo inayofunga toleo.